Dawa za zege kwa mjenzi wa Mwanza: kilainisha, kichelewesha na kiharakisha vikilinganishwa

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Mwanza, madumu ya kemikali za zege hukaa rafu moja na rangi na gundi ya mbao, na muuzaji huyaita yote kwa jina moja: dawa. Jina hilo limewaponza wajenzi wengi, kwa sababu humfanya mnunuzi aamini kwamba kila dumu linaongeza nguvu, kisha achague lile la bei nafuu. Kwa kweli madumu mawili yaliyosimama bega kwa bega yanaweza kufanya kazi zinazopingana kabisa, moja likiihimiza saruji ishike mapema na jingine likiizuia isishike hadi jioni, ilhali la tatu haligusi sana muda wa kushika bali hupunguza maji yanayohitajika ili zege limwagike vizuri. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya mtu anayejenga Mwanza au mahali pengine kando ya Ziwa Victoria, na msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Kwa nyumba nyingi za huku kwetu, kinachodhoofisha zege ni maji yaliyozidi, wala si muda uliopungua. Kwa hiyo fedha ya dawa, ikiwa ipo, ianzie kwenye kilainisha, na kiharakisha kiwe cha mwisho kufikiriwa.

Zege haliwi gumu kwa kukauka

Lugha yetu yenyewe hutupoteza kidogo katika jambo hili. Tunasema zege limekauka, kama tunavyosema nguo imekauka kwenye kamba, na kwa kusema hivyo tunajikuta tukiamini kwamba jua na upepo ndivyo vinavyolifanya kuwa gumu. Saruji hugeuka jiwe kwa kuungana na maji, wala si kwa kuyapoteza, na muungano huo, unaoitwa haidresheni, huendelea hata zege likiwa limezama. Lau ingekuwa kinyume chake, tusingekuwa na daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 na lililozinduliwa Juni 2025, ambalo nguzo zake zimesimama ndani ya ziwa.

Inafaa kuelewa mwendo wa muungano huo, kwa sababu kila dawa huingilia mahali pake. Klinka, yaani kiini cha saruji, ina madini manne makubwa. Alaiti kwa kawaida ni zaidi ya nusu yake, na ndiyo inayoleta nguvu ya siku na wiki za mwanzo. Belaiti hufanya kazi polepole kwa wiki na miezi. Aluminati ni kidogo lakini ina pupa. Na feraiti mchango wake katika nguvu ni mdogo. Maji yakigusa saruji, aluminati huyakimbilia kwa kasi, na kama kiwanda kisingesaga jasi pamoja na klinka, mchanganyiko ungeshika ukiwa bado ndani ya karai. Jasi huizuia aluminati kwa kujenga juu yake fuwele za etringaiti, na hapo hufuata kipindi cha utulivu cha saa moja hadi tatu hivi. Hicho ndicho kipindi cha fundi: kuchanganya, kubeba, kumwaga, kupiga vibreta na kusawazisha.

Utulivu ukiisha, alaiti huamka. Huzaa gundi ya kalsiamu silikati haidreti, ambayo ndiyo nguvu ya zege, pamoja na chokaa inayobaki katikati ya gundi hiyo na kulinda nondo zisipate kutu. Joto hupanda, kilele kikifika kwa kawaida karibu na saa ya kumi tangu kuchanganywa, kisha mwendo hupungua taratibu kwa siku nyingi. Kichelewesha hurefusha utulivu. Kiharakisha huufupisha na kuuchochea ule mwamko. Kilainisha kizuri huuacha mwendo huo karibu ulivyo, ila hubadilisha kiasi cha maji kilichoko wakati mambo hayo yakitokea.

Kiasi hicho cha maji ndicho jambo zito kuliko yote. Saruji huhitaji maji yenye uzito wa asilimia 23 hivi ya uzito wake ili kuungana nayo kikemia, na ukijumlisha yale yanayobaki yamefungwa ndani ya gundi, inafika kama asilimia 42. Kwa mfuko wa kilo 50, hiyo ni lita 21. Nenda kwenye eneo lolote la ujenzi uhesabu ndoo, utakuta mfuko huo umepewa lita 30, hata 35, kwa kuwa zege la lita 21 ni zito kubeba na gumu kupenya katikati ya nondo. Lita zilizozidi hazina kazi nyingine baadaye isipokuwa kutoka taratibu na kuacha vinjia na matundu. Duff Abrams alionyesha huko Chicago mwaka 1918 kwamba, kwa vifaa vilevile, nguvu ya zege hufuata uwiano wa maji kwa saruji, na zaidi ya karne moja baadaye kanuni hiyo bado ndiyo ya kwanza kufundishwa.

Kilainisha cha kawaida na kilainisha kikali

Chembe za saruji zikiingia majini hushikamana makundi makundi, na ndani ya kila kundi hufungwa maji ambayo hayamsaidii mtu. Fundi huona zege limekuwa zito, na maneno tunayoyajua sote husikika: "Injinia, tuongeze maji kidogo, vijana wanachoka." Kilainisha hujibandika juu ya chembe hizo, kikazisukuma zisishikamane, na maji yaliyokuwa yamefungwa huachiwa. Zege hulegea bila tone la ziada.

Kile cha kawaida mara nyingi ni lignosalfoneti, inayotokana na majimaji yanayobaki mbao zinapopikwa ili kutengeneza karatasi, na imetumika kwenye zege tangu miaka ya 1930. Hupunguza maji kwa asilimia 5 hadi 10. Kwa kuwa ina masalia ya sukari ya miti, pia huchelewesha kushika kidogo, na mchana wa Mwanza unapofikia nyuzi 28 hivi za Selsiasi, ucheleweshaji huo mdogo ni faida. Ubaya wake huonekana kipimo kinapozidishwa: zege hulala hadi kesho yake na hujaa vipovu vya hewa.

Vilainisha vikali viko vya namna mbili unazoweza kukutana nazo. Nafthalini salfoneti ilianza Japani katika miaka ya 1960. Hupunguza maji kwa asilimia 15 hadi 25, lakini ulegevu wake hupotea upesi, mara nyingi ndani ya nusu saa hadi saa moja, na zege lililokuwa likitiririka likifika juu ya jengo hukuta limeganda kama ugali. Polikaboksileti ilitokea hukohuko Japani katika miaka ya 1980. Umbo lake ni kama kitana: uti wake hujibandika kwenye chembe ya saruji na meno yake huchomoza nje yakizuia chembe nyingine isisogee. Hupunguza maji kwa asilimia 20 hadi 30 na zaidi, kwa kipimo kidogo, na zipo aina zinazohifadhi ulegevu kwa saa moja na nusu au mbili.

Tuone tofauti kwa hesabu. Chukua zege lenye kilo 350 za saruji kwa kila mita ya ujazo, yaani mifuko 7, na lita 210 za maji. Uwiano ni 0.60. Kilainisha cha kawaida kikipunguza maji kwa asilimia 8, yanabaki lita 193 na uwiano unashuka hadi 0.55. Kilainisha kikali kikipunguza kwa asilimia 20, yanabaki lita 168 na uwiano unakuwa 0.48. Zege zote tatu humwagika kwa ulegevu uleule, saruji ni ileile, kokoto ni zilezile, lakini la tatu linaweza kuwa limepanda daraja moja au mawili la nguvu, na halipitishi maji kwa urahisi kama yale mawili. Hakuna kiharakisha wala unga wa kuzuia maji unaoweza kukupa mambo hayo yote mawili kwa pamoja.

Basi kwa nini nisiseme kila mtu anunue polikaboksileti? Sababu ya kwanza ni mchanga wetu. Sehemu kubwa ya nchi inayotuzunguka ni mbuga, ule udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na mchanga unaochotwa kwenye mito ya huko huja na tope lake. Udongo wa aina hiyo una matabaka membamba yanayoyameza meno ya polikaboksileti kabla hayajafika kwenye saruji, na mjenzi hulipia dawa ya bei kubwa inayoishia kulainisha tope. Nafthalini na lignosalfoneti nazo huathirika, lakini haziangushwi kwa kiasi hicho. Mwenye mchanga mchafu auoshe au abadilishe chanzo kwanza. Tia mchanga kwenye chupa ya kioo pamoja na maji yenye chumvi kidogo, tikisa, uiache kwa saa tatu. Tabaka la tope likionekana nene juu ya mchanga, usinunue polikaboksileti.

Sababu ya pili ni usahihi. Dawa hii hupimwa kwa mamia machache ya gramu kwa mfuko, na tofauti ya lita mbili za maji hugeuza zege zuri kuwa supu iliyoacha kokoto chini. Mahali ambapo maji hupimwa kwa ndoo isiyojaa sawasawa na mchanga una unyevu wa mvua ya jana, kilainisha cha kawaida humstahimili fundi zaidi. Na aina zote zina sharti moja ambalo nimeona likivunjwa mara nyingi mno: ukitia kilainisha, punguza maji. Anayetia dawa na kubakiza ndoo zilezile amenunua matatizo.

Niseme neno kuhusu sabuni ya unga ambayo baadhi ya mafundi wa lipu huitia ili mchanganyiko uteleze. Hulainisha kweli, lakini kwa kujaza hewa, na kila asilimia moja ya hewa inayoongezeka hupunguza nguvu ya zege kwa asilimia 5 hivi. Isikaribie zege lenye nondo.

Kichelewesha cha dukani na sukari ya jikoni

Kichelewesha hutengenezwa kwa glukoneti, asidi ya sitriki, fosfeti au sukari zilizosafishwa na kuyeyushwa kwa kipimo kinachojulikana. Molekuli zake hukaa juu ya chembe za alaiti na juu ya punje za kwanza za ile gundi, zikazuia nyingine zisiote, hadi zinapozidiwa na mwendo kuanza. Sukari ya mezani hufanya kazi ileile, na ndiyo maana mafundi wa siku nyingi huijua. Swali la mjenzi ni halali kabisa: kama sukari inapatikana kila duka la mtaani, kwa nini aende kununua dumu?

Jibu liko kwenye mizani. Sukari ya asilimia 0.05 ya uzito wa saruji huchelewesha kushika kwa saa nne hivi. Kwa mfuko wa kilo 50 hiyo ni gramu 25, yaani vijiko vichache vya chai. Ikifika asilimia 0.2, yaani gramu 100, zege linaweza kukataa kabisa kushika. Umbali kati ya msaada na hasara unaingia kwenye kikombe kimoja kidogo. Chupa moja ya soda ya kola ya mililita 350 ina sukari inayokaribia gramu 37, kwa hiyo soda iliyomwagikia kwenye mchanganyiko wa mfuko mmoja imekwisha kukupa asilimia 0.07. Kichelewesha cha dukani kimezimuliwa ili kosa la kijiko kimoja lisiwe msiba, na kwenye dumu lake pameandikwa kipimo cha chini na cha juu. Kwa zege la mwanafunzi kwenye maabara, sukari inatosha. Kwa jamvi, yaani bamba la zege la ghorofa, ambalo watu watalala chini yake, sitaikubali.

Niliwahi kuitwa asubuhi kwenye jamvi lililomwagwa mchana uliotangulia, na kidole gumba kikizama ndani yake bila shida. Kichelewesha kilikuwa kimepimwa kwa kifuniko cha dumu, kila mtu akiwa na kifuniko chake, na mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuagiza zege lote livunjwe. Tuliomba asubiri. Tulifunika kwa turubai na magunia yenye unyevu, hatukuruhusu mtu kupanda, na siku ya tatu zege lilishika. Baadaye lilifikia nguvu iliyokusudiwa. Mambo huwa hivyo mara nyingi: zege lililocheleweshwa kupita kiasi, likilindwa lisipoteze maji, huamka na hata kuzidi kidogo lile lisilotiwa dawa likifikisha siku 28, kwa kuwa gundi iliyoota polepole hujipanga vizuri. Kinachouawa ni ratiba, na wakati mwingine mbao zinazobeba mzigo muda mrefu kuliko ulivyopangwa.

Kando ya ziwa kichelewesha kina adui wa pekee. Kuanzia mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na huendelea hadi jua linapokaribia kuzama. Zege la kawaida lililomwagwa asubuhi huwa limeanza kushika upepo unapopamba moto. Zege lililocheleweshwa bado ni bichi, na ngozi yake hupoteza maji upesi kuliko yanavyoweza kupanda kutoka chini. Hapo ndipo hutokea nyufa nyembamba za juu ya jamvi ambazo watu husingizia saruji mbovu. Anayechagua kichelewesha huku kwetu anunue na karatasi za plastiki za kufunika, na azihesabu kuwa sehemu ya bei yake.

Muda wa kuitia una maana pia. Dawa ikimwagwa juu ya saruji kavu, sehemu kubwa humezwa na aluminati katika zile dakika za pupa. Ikija na maji ya mwisho, dakika mbili tatu baada ya maji ya kwanza, kipimo kilekile hufanya kazi zaidi. Hii ni kweli kwa kichelewesha na kwa vilainisha vya lignosalfoneti na nafthalini, na ni sababu moja inayofanya zege la mashine hii lisifanane na la mashine ile ilhali dumu ni moja.

Kiharakisha: tulikirithi kutoka nchi za baridi

Haidresheni hutegemea joto. Kwa makadirio, joto likipanda nyuzi 10 mwendo wake huongezeka karibu maradufu, na likishuka kukaribia nyuzi 5 hulegea mno. Katika nchi zenye theluji, zege lisiposhika upesi huganda kabla ya kuwa jiwe, na hapo kiharakisha ni wokovu. Mwanza iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, lakini usiku wake haukaribii baridi ya namna hiyo. Wengi wanaoniuliza habari za kiharakisha hutaka kuwahi mvua au kubandua mbao mapema ili zikatumike kwingine. Kuhusu mvua, wingu la masika linalotokea upande wa ziwa hufika kabla dawa yoyote haijamaliza kazi, na turubai ni hakika kuliko kemikali. Kuhusu mbao, saruji ya daraja la 42.5 yenye herufi R, inayokomaa mapema, hufanya kazi hiyo bila kuongeza kitu kingine.

Hata hivyo ziko kazi zinazokihitaji, na hapo lazima uchague kati ya kalsiamu kloraidi na zile zisizo na kloraidi, hasa kalsiamu naitreti. Kloraidi ndiyo yenye nguvu na nafuu, imejulikana tangu karne ya 19, na hutiwa kwa kipimo kisichozidi asilimia 2 ya saruji. Huchochea alaiti, huongeza joto la siku ya kwanza, na hulipa zege nguvu ya siku tatu katika muda mfupi zaidi. Kisha huenda kwenye nondo. Chokaa iliyozaliwa na saruji hujenga juu ya chuma ngozi nyembamba inayozuia kutu, na kloraidi huitoboa ngozi hiyo. Viwango vya Ulaya huruhusu kloraidi isiyozidi asilimia 0.4 ya uzito wa saruji kwenye zege lenye nondo. Kilo moja tu ya kalsiamu kloraidi ya vipande kwenye mfuko mmoja, yaani ile asilimia 2, huleta karibu asilimia 1 ya kloraidi yenyewe. Uingereza iliacha kuiruhusu kwenye zege lenye nondo mwaka 1977, baada ya majengo kuanza kuonyesha gharama yake. Chumvi ya kupikia, ambayo nimeikuta ikitiwa kwa imani hiyohiyo, ina ubaya huo bila kuwa na nguvu ile.

Kalsiamu naitreti huharakisha kwa upole zaidi, haidhuru nondo, na bei yake ni kubwa. Kwangu huo si ulinganisho mgumu: kwenye zege lisilo na chuma chochote kloraidi inaweza kuvumiliwa, penye nondo, hata waya wa kufungia, isiingie. Tena ikumbukwe kwamba kila kinachoharakisha siku ya kwanza hupunguza kidogo nguvu ya siku 28 na kuendelea, kwa kuwa gundi iliyoota kwa haraka huzizingira chembe za saruji na kuzifungia nje maji.

Kabla ya dawa yoyote

Simenti nyingi tunazonunua ni za mchanganyiko, zenye pozolana (jivu la volkano) au mawe ya chokaa yaliyosagwa badala ya sehemu ya klinka. Hizo hushika polepole kidogo hata bila dawa, kwa hiyo kipimo cha kichelewesha kilichofaa kwa mfuko wa aina moja kinaweza kuwa kikubwa mno kwa mwingine. Zinahitaji pia kumwagiliwa maji zaidi ya siku 7, wiki mbili zikiwezekana, na hakuna dumu linalofuta hitaji hilo.

Maji ya ziwa ni matamu na chumvi yake ni ndogo, na mengi hayana tatizo. Lakini yale yanayochotwa ukingoni, penye magugumaji na rangi ya kijani, huja na mwani, na mwani huingiza hewa kwenye zege na kupunguza nguvu yake. Nimewahi kuona kilainisha kikilaumiwa kwa kosa la ndoo iliyochotwa kwenye magugu. Chota mbali na ukingo, acha yatulie kwenye tanki, au tumia ya bomba.

Dawa ya kuzuia maji nitaipitia kwa ufupi. Zile za unga wa stearati hufanya kuta za vinjia zisilowe, nazo husaidia lipu inayopigwa na mvua; haziwezi kuzuia maji yenye msukumo, kama yale yaliyomo ndani ya tanki. Dawa za kujaza hewa, zinazolinda zege dhidi ya barafu, hazituhusu.

Kazi tano na uchaguzi wangu

Chukua jamvi la ghorofa kwenye miamba ya Isamilo au Bugando, ambako mashine ya kuchanganyia hubaki barabarani na zege hupanda kwa karai mkono kwa mkono. Safari hiyo hula dakika nyingi, lakini si saa. Hapo nachagua lignosalfoneti kwa kipimo cha chini au cha kati, kazi ianze alfajiri, na ucheleweshaji wake mdogo utoshe. Kichelewesha cha pekee sikiongezi, kwa sababu ya ule upepo wa mchana. Zege likija kwa gari kutoka mbali na msongamano wa barabara haujulikani, polikaboksileti inayohifadhi ulegevu ni bora, kwa sharti kwamba aliyelichanganya anajua mchanga wake, na dereva asiruhusiwe kuongeza maji njiani.

Tanki la maji au shimo la maji taka lililo karibu na ziwa lahitaji uwiano wa 0.45 hadi 0.50, na huo huwezi kuufikia kwa ndoo bila kilainisha kikali. Ningetumia fedha huko kabla ya kununua unga wa kuzuia maji. Matofali ya saruji, kwa upande mwingine, hutengenezwa kwa mchanganyiko mkavu unaogongwa. Hayahitaji dumu lolote, yanahitaji kivuli na kumwagiliwa.

Ukerewe na Ukara hesabu hubadilika, kwa sababu kila mfuko umelipiwa nauli ya kivuko au boti, na uliokaa muda mrefu kwenye hewa yenye unyevu huanza kufanya mabonge. Rudi kwenye ule mfano wa kilo 350: kilainisha kikali kikishusha maji hadi lita 168, uwiano wa awali wa 0.60 unaweza kubakizwa kwa kilo 280 za saruji. Umeokoa kilo 70 kwa kila mita ya ujazo, na kwa jamvi la mita za ujazo 20 hiyo ni mifuko 28 ambayo haikupanda kivuko, kwa madumu machache yanayobebeka kwa mkono. Sishauri kushuka chini ya kilo 280, hata kama hesabu ya nguvu inaruhusu, kwa kuwa nondo zinahitaji ulinzi wa chokaa ya kutosha.

Na pale sakafu ya mwalo inapovunjika, mahali ambapo boti za dagaa hurudi kila asubuhi na hakuna anayeweza kufunga kazi kwa wiki, hapo kiharakisha kina haki yake. Kalsiamu naitreti, saruji ya 42.5 R na maji machache yaliyosaidiwa na kilainisha. Kiraka kimwagwe mara boti za asubuhi zinapomaliza kushusha, kifunikwe kwa plastiki upepo usijaanza. Siku moja kabla, fundi achanganye ndoo moja ya majaribio kwa vifaa vilevile, aiache hapohapo mwaloni, na kila nusu saa abonyeze kwa kidole gumba na kuandika saa.